Jibu kwa msomaji wa Nzuguni: Je, ndoto ya marehemu baba inasema nilitaka afe?

Swali: "Shikamoo Daktari. Kwetu ni Kongwa ila naishi Nzuguni hapa Dodoma na mume wangu na watoto. Baba alipata kiharusi, nikamuuguza hapa kwangu karibu mwaka mzima. Mwishoni alikuwa analishwa kwa mpira wa puani, na madaktari walikataza asipewe chochote mdomoni. Yeye alikuwa ananiomba togwa kwa ishara, nami namnyima. Usiku aliofariki hospitalini nilikuwa nimerudi nyumbani kulala. Tangu tumzike naota ndoto moja: baba yuko uani chini ya mwarobaini, amevaa koti lake la kijivu, mzima kabisa, anaomba togwa. Natafuta kikombe chake cha bati, sikioni. Kinachonitisha ni kwamba mimi najua amekufa, yeye hajui, na naogopa asije akagundua. Naamka natetemeka. Mchungaji anasema niombe, hiyo ni roho chafu inayojifanya baba. Shangazi anasema baba ana kiu, turudi Kongwa tukamwage togwa kaburini. Mdogo wangu anasoma saikolojia chuoni. Yeye ananiambia Freud alisema kila ndoto ni matakwa ya mwotaji, kwa hiyo nilitaka baba afe. Tangu aseme hivyo silali. Je, ni kweli?"

Jibu: Marahaba dada, na pole sana kwa msiba wa mzee. Nitaanza na mdogo wako kwa kuwa ndiye aliyekuondolea usingizi. Mchungaji na shangazi nao nitawafikia. Kwa maana anayoisema mdogo wako, hapana, hukutaka baba afe. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kuna mahali Freud aliandika kuhusu ndoto inayofanana na yako kiasi cha kushangaza, na alichokisema pale sicho ulichoambiwa.

Ni kweli Sigmund Freud, daktari wa magonjwa ya neva wa Vienna, alifundisha kwamba ndoto ni utimizo wa matakwa. Kitabu chake cha kufasiri ndoto kilitoka Novemba 1899, jalada likiwa na mwaka 1900, na nakala 600 za toleo la kwanza zilichukua miaka minane hivi kuisha. Mfano wake mmoja mwepesi ni wa binti yake Anna, alipokuwa na umri wa miezi 19. Asubuhi mtoto alitapika, wakamshindisha njaa, na usiku akasikika usingizini akijitaja jina na kuorodhesha stroberi, mayai na uji. Alinyimwa mchana, akajihudumia usiku. Kwa mtoto mambo yako wazi namna hiyo.

Kwa mtu mzima hayako wazi, na hapo ndipo mdogo wako alipofunga kitabu mapema. Freud alisema mtu mzima ana matakwa mengi ambayo malezi, dini na aibu havimruhusu hata kuyawaza, kwa hiyo yakitaka kuingia ndotoni hukutana na udhibiti, jina alilolifananisha na ukaguzi wa magazeti wa zama zake. Habari hupita ikiwa imebadilishwa sura. Ndoto basi ina tabaka mbili. Ipo ile unayoikumbuka ukiamka: mwarobaini, koti, kikombe. Na yapo mawazo yaliyoizaa, ambayo wewe mwenyewe huyajui. Kati ya hizo mbili kuna kazi inayofanyika ukiwa umelala, na Freud alikuwa mkali juu ya kazi hiyo kuliko juu ya kitu kingine chochote. Katika tanbihi aliyoiongeza mwaka 1925 alilalamika kwamba wafuasi wake wanakimbilia maana iliyofichika na kusahau kwamba kiini cha ndoto ni ile kazi yenyewe.

Tuitazame kazi hiyo kwenye ndoto yako. Kwanza ndoto hubana. Togwa anayoiomba mzee inaweza kuwa ile ya hospitalini uliyomnyima, na papo hapo ikawa ya mavuno ya uwele ulipokuwa mdogo, na ile mliyowapa waombolezaji, zote zimeingia katika kinywaji kimoja. Pili, ndoto huhamisha uzito. Katika barua yako jambo zito ni kumnyima mgonjwa anachokiomba, tena mgonjwa ambaye ni baba. Ndotoni hakuna anayemnyima mtu. Kuna kikombe tu kisichoonekana. Uzito wote umeshuka kutoka kwenye uamuzi ukakaa kwenye chombo cha bati, na wewe umegeuka kutoka aliyekataa ukawa anayetafuta. Tatu, na hili napenda kulikazia, ndoto haina njia ya kusema "laiti". Freud aliliona: wazo lililo katika hali ya kutamani, ndoto huliweka katika wakati uliopo kama tukio linaloendelea. "Laiti angekuwa mzima aniombe tena" inakuwa mzee amekaa uani, mzima, anaomba. Ukitaka matakwa katika ndoto yako, dada, hayo hapo, wala hayajafichwa sana.

Sasa, nimesema "inaweza". Sikusema "ni". Katika uchambuzi wa nafsi, yaani tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Freud, mtaalamu hasomi ndoto. Anasoma unachokisema juu ya ndoto. Freud alikuwa anaikata vipande, anachukua kimoja kimoja, anamuuliza mgonjwa aliyelala kwenye kochi: kuhusu hili, nini kinakujia kichwani? Sema lolote, hata la kipuuzi, hata la kuaibisha. Mgonjwa anaanza na koti, anafika kwenye harusi, anafika kwenye deni, ananyamaza ghafla. Pale aliponyamaza ndipo kazi inapoanza. Kwa hiyo kuhusu koti la kijivu sina la kukuambia. Umelitaja bila kulieleza, na hakuna kitabu duniani chenye maana ya koti la baba yako.

Hili halikuanza na Freud, na wasomaji wetu Waislamu watalitambua. Inasimuliwa juu ya Ibn Sirin wa Basra, ambaye vitabu vya ndoto vinavyouzwa misikitini bado vinabeba jina lake, kwamba watu wawili walimjia wote wameota wanaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda kuhiji, mwingine akamwambia atashikwa kwa wizi. Ndoto ilikuwa moja, watu ndio hawakuwa wamoja. Artemidorus, mfasiri wa ndoto wa Kigiriki wa karne ya pili, naye alisisitiza kuuliza kazi ya mwotaji, hali yake na afya yake. Freud alimsoma na kumsifu, kisha akaongeza hatua moja kubwa: aliyekuwa anatoa maana kwa Artemidorus ni mfasiri, kwake yeye ni mwotaji.

Ndiyo maana nachoka kila wiki kupokea maswali ya "nimeota meno yananing'oka, je, ni msiba?" Imani hiyo ni kongwe. Artemidorus mwenyewe aliandika kwamba mdomo ni nyumba na meno ni watu waliomo, ya kulia wanaume, ya kushoto wanawake. Freud akaipeleka ndoto hiyohiyo kwenye tamaa za ujana. Watafiti wawili wa Israeli mwaka 2018 wakakuta inaambatana na maumivu na mkazo wa taya mtu anapoamka, kuliko inavyoambatana na msongo wa mawazo. Kabla hujamhesabu ndugu yupi atakufa, muulize mwenzako kama huwa unasaga meno usiku.

Nirudi kwa mdogo wako, maana kosa lake lina jina. Mwaka 1910 Freud aliandika makala fupi kuhusu kile alichokiita uchambuzi wa kiholela. Mwanamke mmoja aliyeachika alimwendea daktari kijana kwa sababu ya wasiwasi, na yule kijana, akiwa amesikia habari za Freud, akamwambia papo kwa papo kwamba tatizo ni kukosa mwanaume, basi arudi kwa mumewe, atafute hawara, au ajitosheleze mwenyewe. Mwanamke akatoka pale wasiwasi umezidi, akamfuata Freud kumuuliza kama ni kweli. Freud alikasirika. Alisema kumrushia mgonjwa maana ya mambo yake kabla hajaifikia mwenyewe kunamsaidia sawa na kugawa orodha za vyakula wakati wa njaa. Mtu wa Kongwa, ambako wazee bado wanazitaja njaa kwa majina, hahitaji kufafanuliwa hilo. Mdogo wako hana nia mbaya. Anasoma, na kila anayesoma saikolojia mwaka wa kwanza huanza kuwatibu ndugu zake. Mpe makala hiyo aisome.

Tufike kwenye kiini. Mwaka 1911, mwishoni mwa makala kuhusu namna akili inavyopambana na uhalisia, Freud anaeleza ndoto ya mwanamume aliyemuuguza baba yake katika ugonjwa mrefu wenye maumivu hadi akafa. Miezi iliyofuata akawa anaota mara kwa mara: baba yu hai, wanazungumza kama zamani, lakini mwana anaumia sana kwa kuwa baba alikuwa amekufa kweli, ila hakujua. Soma tena barua yako, dada. "Mimi najua amekufa, yeye hajui."

Freud anauliza: sentensi "alikuwa amekufa, ila hakujua" ina maana gani? Anasema imepungukiwa na maneno. Ongeza "kama mwotaji alivyotamani" baada ya "amekufa", na "kwamba mwotaji alitamani" baada ya "hakujua". Mwana alipokuwa kitandani pa mgonjwa, akimwona anavyoteseka, ilimjia fikra kwamba heri apumzike. Fikra ya huruma. Baada ya mazishi fikra ileile inageuka shitaka: nilimtakia baba kifo. Na linalotisha ndotoni ni hili: je, kama baba alikuwa amenishtukia?

Ni nani aliyeuguza mgonjwa wa muda mrefu ambaye fikra hiyo haijampitia? Waulize wanawake wanaolala sakafuni kwenye mikeka pembeni ya vitanda vya wagonjwa wao. Waulize kwa faragha, bila hukumu. Wengi watakuambia kuna usiku walisema "Mungu mchukue", kisha wakajifunika kanga usoni kwa aibu. Katika lugha ya Freud hayo ni matakwa, ndiyo, na kwa maana hiyo tu mdogo wako ana ukweli kidogo. Lakini kati ya kutaka mateso yaishe na kutaka mtu afe kuna umbali mkubwa. Ukiwa macho unauona vizuri. Ukiwa na majonzi, saa tisa usiku, huuoni. Ndoto yako, ukinipa ruhusa ya kukisia, imesimama katikati ya umbali huo. Inakupa baba mzima anayeomba togwa, na hapohapo inakuogofya kwamba atakugundua. Kinachofichwa kwake si kifo chake tu. Ni usiku ule uliorudi nyumbani kulala.

Freud hakuishia pale. Aliendelea kusema kwamba shitaka hilo linachimba chini zaidi, hadi kwenye uhasama wa utotoni wa mtoto dhidi ya baba. Hapo mimi namwachia. Nimekaa na wafiwa wengi hapa Dodoma, na kwa walio wengi huhitaji kurudi utotoni kupata chanzo cha hatia. Ipo kwenye mpira wa puani, kwenye pesa za dawa, kwenye maneno ya ndugu waliofika siku ya mazishi na kuuliza kwa nini hukumpeleka Muhimbili. Pengine kwa mgonjwa mmoja njia ya utotoni inafunguka yenyewe. Kuilazimisha kwa kila mfiwa ni kile alichokikemea mwenyewe mwaka 1910.

Kwa mpira wa puani nikuambie wazi, kwa kuwa hili halihitaji nadharia. Mgonjwa wa kiharusi ambaye misuli ya kumeza imelegea akipewa kinywaji mdomoni, kinaweza kuingia njia ya hewa na kuleta nimonia, na nimonia hiyo huua wagonjwa wengi wa kiharusi. Ulikatazwa kwa sababu ya kweli, na ulitii wakati yeye mwenyewe anakuomba. Hata wauguzi wenye mafunzo wakati mwingine hushindwa kufanya hivyo.

Kuna jambo ambalo watu hawalijui kuhusu nadharia hizi zote: zimezaliwa makaburini. Baba yake Freud, Jakob, alifariki Oktoba 1896. Usiku wa karibu na mazishi, Freud aliota amesimama mbele ya tangazo lililoandikwa "Unaombwa kufumba macho", au "Unaombwa kufumba jicho", hakuwa na uhakika ni lipi. Kuyafumba macho ya baba ni wajibu wa mwana. Kufumba jicho ni kuomba kosa lisitazamwe. Alikuwa amechagua mazishi ya kawaida kabisa, kama baba alivyopenda, na ndugu hawakuyaridhia. Katika utangulizi wa toleo la pili, 1908, alikiri kwamba baada ya kukimaliza kitabu ndipo alipogundua kilikuwa sehemu ya kujichunguza kwake baada ya kifo cha baba, msiba anaouita mzito kuliko yote katika maisha ya mwanamume.

Mwaka huohuo wa 1896, mwezi Januari, kule Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 20 alifiwa na baba yake mchungaji. Jina lake Carl Jung. Wiki sita baadaye aliota baba amesimama mbele yake, anasema anarudi kutoka likizo, amepona vizuri, anakuja nyumbani. Kijana alikuwa ameshahamia chumba cha baba, akadhani atakemewa. Hakukemewa. Hata hivyo aliona haya, kwa sababu alikuwa amedhani baba amekufa. Siku chache baadaye ndoto ikajirudia. Unaona, dada, hauko peke yako wala huna wazimu. Watu wawili waliokuja kuwa mabingwa wa ndoto duniani walifiwa na baba zao, wakaota ndoto zenye hatia na haya.

Jung alikutana na Freud mwaka 1907 na wakaachana kufikia 1913. Ugomvi wao ulikuwa na mambo mengi, ila kwa upande wa ndoto Jung alikataa kwamba ndoto inaficha. Kwake ndoto inasema inachokisema kwa lugha yake ya picha, na kazi yake ni kufidia: ukiegemea mno upande mmoja mchana, usiku inakuvuta upande wa pili. Anayejiona mwema kupita kiasi ataota anaiba. Aliyemsahau marehemu ataota huyo marehemu akibisha hodi. Pia alishauri kwamba mtu wa ndotoni anaweza kuwa sehemu yako wewe. Kwa Jung ningekuuliza: ni nini cha baba yako kilichomo ndani yako, kilicho kizima kabisa, kimekaa kivulini uani, kinaomba kulishwa, nawe unakimbia huku na huko kutafuta chombo? Sijui jibu. Baadhi ya wanawake niliowauliza swali la aina hii walinitajia vitu ambavyo nisingevikisia kamwe, kama sauti ya kuimba, ukali, au mapenzi ya ng'ombe.

Jung huyuhuyu alifika Afrika Mashariki. Mwaka 1925 alipiga kambi Mlima Elgon, akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kuokoteza huku kamusi ndogo ikiwa karibu. Akataka kujua ndoto zao. Mzee mmoja, laibon, yaani mganga wa kabila, akamjibu huku machozi yakimlenga kwamba zamani laiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua inakuja, na ng'ombe wapelekwe wapi. Tangu wazungu waingie hakuna anayeota tena, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Jung aliandika kisa hicho kama habari ya watu waliopoteza sauti ya Mungu. Mimi nikikisoma nikiwa hapa Ugogo, ambako mvua ni ya msimu mmoja na mtemi alikuwa ndiye mwenye mvua, naona mzee alikuwa analalamikia cheo kilichohamia kwa bwana mkubwa wa wilaya. Watu pale Elgon bila shaka waliendelea kuota. Kilichokufa ni baraza la kuzisikiliza ndoto zao.

Na hilo linanileta kwa shangazi yako na mchungaji. Wao wanauliza ndoto imetoka kwa nani. Mchambuzi wa nafsi anauliza mwotaji ameitengeneza kwa nini. Ni maswali tofauti, na mimi kama mtaalamu wa afya ya akili sina kipimo cha kumwambia shangazi kwamba mzee hana kiu. Ninachoweza kukuambia ni kile ambacho kila moja ya tafsiri hizo inakufanyia. Ya shangazi inakupa kazi ya kufanya pamoja na ndugu: kusafiri Kongwa, kupika togwa, kumpa hatimaye kile ulichomnyima, mbele ya mashahidi. Ukiitazama, ni kikombe kimepatikana. Kama imani yako inaruhusu, wala sioni madhara. Ya mchungaji imekuacha na hofu zaidi, kwa sababu imemgeuza baba unayemlilia kuwa adui, na mfiwa akianza kumwogopa marehemu wake majonzi hukwama. Zungumza naye tena. Mweleze habari za togwa na mpira, ambazo nadhani hukumweleza. Nina hakika mchungaji mwenye busara akisikia kisa chote atakuombea faraja kabla ya kukemea roho.

Usidhani pia kwamba Freud na Jung ndio neno la mwisho. Freud mwenyewe ilimbidi mwaka 1920 akubali kwamba ndoto za askari waliorudi vitani, wanaorudia mlipuko uleule kila usiku, hazitimizi matakwa yoyote. Mwaka 1953 huko Chicago, Aserinsky na Kleitman walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbia huku na huko chini ya kope, na wengi walioamshwa hapo wakasema walikuwa wanaota. Mwaka 1977 Hobson na McCarley wakadai ndoto ni shina la ubongo linalorusha ishara ovyo na sehemu ya juu inahangaika kuziunganisha. Baadaye Mark Solms wa Afrika Kusini, aliyechunguza wagonjwa walioumia ubongo, akaonyesha kwamba kuota hupotea zikiharibika sehemu zinazohusika na hamu na kutafuta, hata kama shina la ubongo ni zima. Mabishano yanaendelea. Mimi nachukua hivi: kwamba ubongo una mitambo yake hakuondoi swali kwa nini wewe, kati ya vikombe vyote, unatafuta kile cha bati.

Sasa la kufanya. Kwa siku kadhaa weka daftari karibu na kitanda. Ukiamka, kabla hujawasha simu, andika ndoto ilivyo, kisha chini yake andika kila kitu, kuanzia mwarobaini, na kinachokujia. Usitafute maana. Ukifika mahali kalamu inagoma, weka alama uendelee. Halafu mtafute mtu mmoja mwenye kifua, si mdogo wako kwa sasa, umweleze kwa sauti usiku ule uliorudi nyumbani. Ulirudi kwa nini? Ulikuwa umechoka kiasi gani? Nani alikuambia uende? Wafiwa wengi hawajawahi kuulizwa maswali hayo kwa upole.

Kama kutetemeka kunaendelea, kuna njia nyingine isiyo ya Freud kabisa. Mchana, ukiwa umetulia, unaiandika ndoto upya na kuibadilisha upendavyo, kisha unaipitia kichwani kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Ilijaribiwa Marekani kwa wanawake waliobakwa na wanaosumbuliwa na majinamizi, matokeo yakachapishwa 2001, na yalikuwa mazuri. Katika ndoto yako mpya kikombe kinaweza kuwa pale pale mezani, na mzee akanywa.

Mwisho ni suala la kupata matibabu. Kuota marehemu peke yake si ugonjwa, hata ukiota kwa miaka. Nenda kwa mtaalamu kama huzuni imekuzuia kufanya kazi, kula au kuwatunza watoto kwa zaidi ya miezi 6, muda ambao Shirika la Afya Duniani linautumia kutambua huzuni iliyopitiliza. Nenda mapema zaidi, siku hiyohiyo, kama unatamani kumfuata baba, au unasikia akikuita ukiwa macho akikuamuru jambo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe nayo ipo hapahapa mjini, na najua watu wa Dodoma wakilisikia jina hilo hucheka au hushtuka, lakini kliniki yake ya kutwa inaona watu wanaokwenda kwa miguu yao na kurudi nyumbani mchana wakapike. Ukienda, chukua daftari lako, na ukiulizwa tatizo ni nini, anza na togwa.